Misiba Kumi na Minne ya Sehemu ya B

Katika kampuni moja ya maua pale Isinya, kila ukifika mwezi wa pili watu walikufa ovyo. Si wafanyakazi wenyewe. Hao walikuwa wazima wa afya, wamesimama mezani tangu saa kumi na mbili asubuhi, wakipanga waridi kwa urefu na kung'oa majani ya chini. Waliokufa ni jamaa zao. Valentine ikinukia tu, maradhi yasiyo na jina yaliingia Vihiga, Nyeri, Machakos na Kisii, yakachagua nyanya, wajomba na mashemeji wa watu wa kampuni ile peke yao, majirani wote wakaachwa salama.

Sababu haikuwa ya kutafutia mganga. Tangu katikati ya Januari hadi tarehe kumi na nne Februari, likizo zote zilifungwa. Ilibaki fomu moja ya rangi ya waridi, ya ruhusa ya dharura, na fomu hiyo ilikubali dharura ya aina moja tu. Iliuliza jina la marehemu, uhusiano wake na mwombaji, na siku ya mazishi. Mtoto akiunguzwa na homa, fomu haikuwa na mahali pa kumweka. Mke akijifungua, hivyo hivyo. Sasa mtu mwenye akili zake timamu na mtoto mgonjwa nyumbani angefanya nini? Alichukua kalamu akamwua shangazi.

Naeku alikuwa supavaiza wa Sehemu ya B, na fomu za sehemu yake zilipita kwake kabla ya kwenda ofisini. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe la kazi na ulimi ambao wafanyakazi wake arobaini waliuogopa na kuupenda kwa kiasi kile kile. Miaka kumi na mmoja alikuwa pale. Alikuwa ameona nyanya mmoja wa Kisii akizikwa mara nne, na mara ya nne akamwuliza mjukuu kama kaburi lenyewe halijachoka kufunguliwa.

Lakini kuna jambo lililomkera kwa dhati, na hapo hakuwa na mzaha. Naeku ni Mmaasai. Kwao, hata aliyekufa kweli jina lake halitajwi ovyo; sembuse kumtaja mtu anayekunywa chai yake kwa amani na kusema amekwisha. Kila fomu ya uongo iliyopita mkononi mwake ilimfanya ahisi amekiita kifo kwa jina na kukionyesha mlango. Hakulala vizuri mwezi wa pili.

Siku Phylis alipokuja na fomu yake, mambo yakageuka. Phylis alikuwa mpangaji maua hodari, mzaliwa wa Vihiga, na kijana wake wa miaka minne alikuwa na kifua kilichofunga kila wiki. Kliniki ilimtaka Jumanne asubuhi, mama mwenyewe, si jirani. Kwa hiyo Phylis alikuwa amemwua mama mkwe. Naeku aliisoma ile fomu, akamwuliza mama mkwe yuko wapi kwa wakati ule. Phylis akajibu kwamba yuko nyumbani Kitengela, ndiye anayemshika mtoto.

"Basi hafi," Naeku akamwambia. "Kwa section yangu mtu akiwa hai, anabaki hai. Nitakutafutia mwingine."

Na akamtafutia. Mama yake Naeku anaishi nje kidogo ya mji wa Kajiado, na ule ukame mkubwa wa juzi ulimwulia ng'ombe ishirini na mmoja. Ng'ombe wa yule mama si mali tu ya kuhesabu vichwa. Kila mmoja ana jina, tabia na historia, na ukimwuliza habari zao andaa kiti. Naeku alifuta jina la mama mkwe kwa wino mweupe, akaandika Narok. Narok alikuwa ng'ombe mweusi aliyeanguka karibu na kisima na hakuinuka tena. Palipoulizwa uhusiano, akaandika: wa boma. Palipoulizwa siku ya mazishi, akaweka Jumanne, na huo ndio uongo pekee uliokuwa kwenye karatasi, maana Narok alishaliwa na fisi zamani.

Fomu ikaenda kwa Muthama. Huyu alikuwa mkuu wa ofisi ya wafanyakazi, Mkamba wa Makueni, mtu mnene, mpole, mwenye leso ya kitambaa mfukoni na machozi yaliyo karibu. Ubaya wa fomu ile haukuwa wake. Aliikuta, na wenye kampuni walimwambia mara tatu kwamba isiguswe. Alichoweza kufanya ni kuhuzunika. Alimwita Phylis, akampa pole kwa msiba wa Narok, akatia sahihi. Phylis akampeleka mtoto kliniki, akarudi na dawa ya kuvuta, na siku ya pili alikuwa mezani saa kumi na mbili kamili.

Mnajua ukumbi wa maua ulivyo. Siri inaingia kwa mlango wa chumba baridi na kutokea upande wa masanduku kabla chai ya saa nne haijamiminwa. Wiki haikuisha kabla kijana mmoja mwenye mchumba wa kupelekwa kwao hajajikohoza mbele ya meza ya Naeku. Huyo alipewa Naibor, mweupe. Mwanamke aliyetaka kumwona binti yake akila kiapo cha skauti alipewa Nado, mwekundu. Mzee wa kubeba masanduku, aliyekuwa na jino la kung'olewa na aibu ya kulisema, alipewa Mugie, na Mugie alikuwa fahali.

Usifikiri Naeku aligawa misiba kama peremende. Alikuwa na kanuni zake, na zilikuwa kali kuliko za kampuni. Kwanza, uniambie ukweli mimi, hata kama ofisi haitaki kuusikia. Pili, uchukue saa unazohitaji, si zaidi. Jino ni nusu siku, huwezi kuling'oa kutoka Jumatatu hadi Alhamisi. Tatu, wenzako wa meza wanagawana mashada yako, mashada kumi kumi kila mmoja, na zamu yao ikifika unabeba yao bila kununa. Kwa hiyo masanduku ya Sehemu ya B hayakupungua hata siku moja. Yaliongezeka. Mtu ambaye roho yake haiko kliniki anakata shina vizuri.

Kila jioni alimpigia mama yake simu kuomba jina jingine. Mama hakuuliza ni ya nini. Alifurahi tu kwamba hatimaye mtoto wake aliyemezwa na kazi za mjini amekumbuka ng'ombe, na kwa kila jina alitoa habari yake yote, nani alimzaa, alinunuliwa kwa nani, alipenda majani gani. Naeku aliwapitishia wafanyakazi habari hizo wasije wakababaika ofisini. Ndiyo maana Muthama alipomwuliza mtu fulani habari za marehemu Nalepo, aliambiwa kwamba alikuwa mpole, hakumnyima mtu maziwa, na aliondoka wa mwisho baada ya kuwaona wenzake wote wakitangulia. Muthama alitoa leso.

Jambo moja tu lilimtatiza Muthama, nalo alilijibu mwenyewe. Mbona Waluhya, Wakikuyu na Wakisii wa Sehemu ya B wote wanafiwa na watu wenye majina ya Kimaasai? Akakata shauri kwamba watu wa Kitengela wameoana sana, na akaona ni jambo zuri kwa nchi.

Sasa niseme lililo upande wa pili, maana Naeku mwenyewe hakulisema kwa mtu. Katika fomu kumi na nne alizozijaza, hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Alikuwa na binti mmoja, Nasieku, wa miaka kumi. Miaka miwili nyuma, baada ya kijakazi wa tatu kuondoka bila kuaga, Naeku alimpeleka mtoto kwa bibi yake Kajiado, yule mama wa ng'ombe, ambaye mtoto alimwita Koko. Kwa muda tu, alisema. Alitoka nyumbani Kitengela giza halijaondoka na alirudi mtoto ameshalala. Angalau kwa Koko kulikuwa na mtu wa kumwuliza amekula nini. Jumapili alikwenda kumwona. Ila Januari na Februari Jumapili nazo zilikuwa za waridi, na watu wa Ulaya hawakubali kupendana tarehe kumi na sita. Mumewe, Saruni, alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu mwema anayelala soko hili na kuamkia soko lile. Aliwahi kwenda siku ya wazazi mara moja. Alitoka pale bila kuona kitabu hata kimoja, lakini akiwa na namba ya simu ya mzazi mwenye mbuzi kumi wa kuuza.

Kwa hiyo siku za wazazi alikwenda Koko, na shuka lake na fimbo yake, asisome chochote, aridhike na kila kitu. Na Naeku kila mara alimwambia mtoto kwenye simu, "Muhula ujao nitakuja, Nasie. Huu umeshika vibaya." Alisema hivyo mihula sita mfululizo, na kila mara alimaanisha.

Alhamisi moja, siku tisa kabla ya Valentine, ukumbi ukichemka na redio ikizidiwa na kelele za mikasi, msichana wa ofisini alikuja akamwambia Naeku anaitwa na Bwana Muthama. Sasa hivi. Na afunge mlango akiingia.

Phylis aliliacha shada mezani. Meza nzima ikaweka mikasi chini, halafu na ya pili. Kila mtu alijua. Wale kumi na wanne walijiona wako barabarani na mabegi yao, na Naeku mbele yao. Yeye alivua glavu, akaziweka kifuani mwa Phylis, akamwambia akifukuzwa asimwachie mtu kiti chake kirefu, kina mguu mzuri. Akatoka nje. Mshahara wake ndio uliolipa shule, ndio uliolipa nyumba, na mbuzi wa Saruni mwaka ule walikuwa wengi wao wakikohoa.

Muthama alikuwa amekaa na karatasi moja mbele yake, macho mekundu.

"Madam Naeku, kaa chini," akasema. "Nimekuita juu ya mambo ya kifo."

Naeku aliona heri jambo litoke kinywani mwake kuliko livutwe. Hakukaa. Alianza na Narok, akamweleza alivyoanguka karibu na kisima, akaja kwa Naibor, kwa Nado, kwa Nalepo, mmoja mmoja, rangi zao, umri wao na mwaka walionunuliwa. Akasema wafanyakazi hawana kosa, wazo ni lake na mwandiko ni wake. Akasema kila mmoja alikuwa na shida ya kweli, na akazitaja shida hizo pia: kifua cha mtoto, jino, skauti, mchumba. Akasema yeye hawezi kuandika mtu aliye hai kwamba amekufa, hata akifukuzwa, na kama kampuni ina fomu inayomlazimisha mama kumzika mama mkwe ndipo mtoto aone daktari, basi aliye mgonjwa ni fomu.

Alipomaliza, Muthama alikuwa amekaa vile vile, mdomo wazi kidogo.

"Narok ni ng'ombe," akasema.

"Alikuwa," Naeku akamsahihisha. "Sasa ni marehemu. Hapo sijadanganya."

"Na Mugie? Mugie aliyeacha watoto thelathini?"

"Waliobaki hai ni sita hivi."

Muthama alifumba macho. Ilibidi aeleze polepole, kwa sauti ya mtu anayekiri yake. Majina yote kumi na manne aliyapeleka kanisani kwake Kitengela. Yalisomwa mbele ya kusanyiko Jumapili mbili. Akina mama wa maombi walifunga Jumatano nzima kwa ajili ya roho ya Nalepo. Naeku alitazama sakafu, akauma shavu lake kwa ndani, maana kicheko kilimjia wakati ambao kingeweza kumgharimu kazi. Alipoinua macho alimkuta Muthama naye anauma lake.

"Lakini mimi sikukuitia hayo," Muthama akasema. Kikamtoka kile kicheko usoni. Akaigeuza ile karatasi upande wa Naeku. "Asubuhi nimepigiwa simu na mwalimu mmoja wa Kajiado, anaitwa Timiro. Shule inatuma leo majina ya watoto yatima wasaidiwe. Anaomba barua. Anataka tuandike ya kwamba mama ya Nasieku wa Grade Five alikuwa mfanyakazi wetu, mpaka alipokufa."

Naeku alikaa.

Wazo la kwanza lilikuwa la Kimaasai kabisa: nani amelitoa neno hilo mdomoni? La pili lilikuja papo hapo nyuma yake, kwa sababu jibu lilikuwa moja tu. Hakuna mtu mzima wa boma lile angeweza kulitamka. Ni mtoto. Mtoto wake mwenyewe amemjazia fomu.

Muthama alimweleza alichoambiwa. Mwalimu yule ni mgeni, Msomali wa Garissa, ameanza Januari. Alimwuliza mtoto mzazi yuko wapi, mtoto akasema mama alikufa; jina la kampuni akalikuta kwenye rejista ya shule. Mwalimu angemwuliza bibi, lakini walimu wenzake walimwonya kwamba kwa wazee wa Kimaasai hutaji aliyekufa, ni kumtonesha mtu kidonda. Basi kwa heshima zake akanyamaza wiki tano, akimwona bibi akija na fimbo, akampa pole kwa macho tu. Na leo saa nane wazazi wanakwenda kuangalia vitabu.

"Nataka kwenda," Naeku akasema.

Muthama akavuta fomu ya rangi ya waridi. Akaitazama. Hapa ndipo ule upumbavu wa karatasi ile ulipomwingia mwenyewe, maana ilikuwa Februari na yeye mwenyewe, na muhuri wake na leso yake, hakuwa na pengine pa kumpitisha mama aende kwa mtoto wake. Alishika kalamu akaandika. Jina la marehemu: Naeku. Uhusiano na mwombaji: ni yeye. Mazishi: leo, saa nane mchana, Kajiado. Palipoulizwa siku ya kurudi kazini, akaandika: kesho, saa kumi na mbili asubuhi.

"Kwetu hilo haliandikwi," Naeku akasema, na sauti yake haikuwa na utani.

"Mtoto wako ameshaliandika. Nenda ukalifute." Akagonga muhuri. "Hayo ya ng'ombe tutaongea ukishafufuka."

Na waliongea, ijapokuwa si kwa siku moja. Muthama aliwaonyesha wenye kampuni hesabu ya masanduku: sehemu iliyofiwa kuliko zote ndiyo iliyopakia kuliko zote, na kati ya wafu wake kumi na wanne hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu. Kulikuwa na makelele, Naeku akapewa barua ya onyo ambayo bado anayo, na mwishowe fomu ikaongezewa mistari mitatu ya shida za watu walio hai. Hayo yana mwendo wake na mimi sitaki kuwapotezea njia. Turudi kwa marehemu, ambaye yuko kwenye pikapu ya kampuni na koti lake jeupe na gambuti, petali zimemganda kwenye soksi, dereva akimwuliza kama kuna mtu amefariki naye akimjibu kwamba ndiyo, endesha.

Shuleni alimkuta Mwalimu Timiro mlangoni mwa ofisi, mwanamke mdogo wa umri mwenye hijabu ya kijani, anapokea wazazi. Naeku alijitambulisha. Alisema ni mama ya Nasieku. Mwalimu alimtazama kuanzia gambuti hadi kichwani, akashika fremu ya mlango, akataja jina la Mungu mara mbili kwa sauti ya chini. Kisha, kwa kuwa pole hiyo alikuwa ameibeba wiki tano, akampa.

"Asante," Naeku akajibu. "Nilikuwa mtu mzuri?"

Mwalimu hakujua acheke au aombe msamaha, akafanya yote mawili, akamtuma mtu amwite Nasieku.

Mtoto alikuja mbio mbio, macho chini, na kwa mazoea, kabla ya kuangalia ni nani mgeni, akainamisha kichwa apokee salamu, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa. Naeku akaweka kiganja juu ya zile nywele fupi. Kiganja kilibaki pale kuliko salamu inavyohitaji. Ndipo Nasieku akainua uso.

Hakukimbia. Hakulia pia.

"Nasikia nilikufa," Naeku akasema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Tukifungua shule."

"Niliuawa na nini?"

Nasieku alimwangalia mwalimu, kisha akaangalia gambuti za mama yake. "Maua," akasema.

Naeku alikuwa na neno la kumjibu kila mtu duniani. Alikuwa nalo kwa madalali, kwa mameneja, kwa Saruni na mbuzi wake. Huyu alimwuliza tu kwa nini, na hakuuliza kwa ukali.

"Nikisema uko job wananiuliza hiyo ni job gani haina Sunday," Nasieku akasema. "Kila saa wanauliza. Lakini mtu akisema mamake alikufa wanasema tu pole. Hawaulizi tena atakuja lini."

Hapo Naeku alilia. Alilia wazi, mbele ya mwalimu na mbele ya wazazi wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi, na hakutafuta cha kujifutia. Aliwaokoa mama wakwe na nyanya wa watu wote, kumbe mama wa mtoto wake alikuwa akizikwa kila muhula kwenye simu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema neno la kumzika. Alichuchumaa na lile koti lake, akamwambia Nasieku kwamba hakuna fomu tena, muhula huu mtoto anarudi Kitengela, na kama kazi na yeye haviwezi kukaa nyumba moja, kazi ndiyo itakayotafuta pa kulala. Hakujua bado atafanyaje. Alilisema kwanza.

Nasieku alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasogea sikioni mwake, maana alikuwa na tatizo lake ambalo mama hakuliona. Darasa zima linajua. Kuna mwenzake anaitwa Kakuta, amekuwa akimpa nusu ya chapati yake kila siku saa nne kwa sababu ya msiba. Wiki tano. Leo watasema yeye ni mwongo.

"Hizo chapati ni ngapi?" Naeku akamwuliza, akijifuta kwa mkono wa koti.

Nasieku alisema hakuhesabu.

"Twende nikawaone."

Waliingia darasani Mwalimu Timiro akitangulia. Watoto arobaini na mmoja walikuwa wamekaa na vitabu vyao mezani tayari kwa wazazi. Mwalimu alisema mama yake Nasieku amekuja. Hakuongeza kitu, na kwa kweli angeongeza nini? Kalamu moja ikaanguka huko nyuma na hakuna aliyeiokota.

Naeku alisimama mbele ya ubao na gambuti zake. Aliwaambia kwamba Nasieku hakukosea sana. Mama alikuwa amepotea kweli, alikuwa amepotelea kwenye maua, na mtoto akachoka kungoja. "Lakini sijakufa," akasema. "Mwenye wasiwasi aje aangalie."

Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyanyuka, akaja hadi kwa Naeku, akainamisha kichwa. Naeku akaweka mkono. Msichana akabaki ameinama, akipima, kisha akageuka akawatangazia wenzake kwamba mkono una joto.

Basi wakaja wote. Madawati yalikwaruza sakafu, foleni ikazunguka darasa hadi dirishani, kila mtoto akainamisha kichwa chake na kila mmoja akaguswa. Kakuta, kijana mwenye masikio makubwa, alipofika alikazia kichwa kwenye kiganja mara mbili, maana mtu aliyetoa chapati za wiki tano ana haki ya kuhakikisha. Naeku hakuharakisha. Nje wazazi walikuwa wakisogeleana mlangoni kuona kuna nini, na Koko mwenyewe alikuwa amefika na fimbo yake, akauliza kwa Kimaa nani huyo ameyaacha maua akaja shuleni.

Foleni ilipungua polepole hadi ikaonekana imekwisha. Naeku alishusha mkono, ulikuwa umechoka kweli, akageuka kutafuta dawati la binti yake ili aone vitabu alivyovijia. Dawati lilikuwa tupu. Nasieku alikuwa amesimama kwenye foleni, wa mwisho kabisa, nyuma ya Kakuta aliyekuwa amejipanga mara ya pili, akingoja zamu yake.